Jiwe Lililosaidiwa

Watu wengi hudhani jiwe ni jiwe. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipopewa kazi ya kulitazama moja kutwa nzima, na tangu hapo, niseme kweli, sijui tena jiwe ni kitu gani.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Mtwara mjini. Mchana nilibeba magunia bandarini, jioni niliketi darasani na vumbi la korosho masikioni, mwalimu akiuliza swali nami nikijibu kwa sauti ya mtu anayeita kreni. Nikafaulu. Tena nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, katika darasa lenye wanaume wenye ndevu na wajukuu, na furaha niliyopata siku ile ingetosha kuwasha taa za mji mzima pamoja na meli zote gatini. Cheti nilikitembeza Ufukoni nyumba kwa nyumba. Wasiojua kusoma ndio waliokisifu zaidi.

Cheti hicho kikanifikisha kwa mhandisi mmoja, mtumishi wa serikali aliyetoka mikoa ya kaskazini, mrefu, mpole, Mkristo asiyekosa ibada. Alikuwa anatafuta msaidizi anayeelewa desimali. Akaniuliza sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi ni nini. Nikamjibu. Akasema, "Panda gari." Sijaona usaili mfupi kama ule.

Landirova ikatupeleka kusini, upande wa Mnazi Bay, kwenye kijiji cha ujamaa ambacho rangi ya ubao wake ilikuwa bado haijakauka. Watu wake walikuwa wametolewa mashambani kwao kwa malori, wakashushwa pale, wakaonyeshwa mistari ya kujenga nyumba. Ofisi ilikuwepo, ghala la korosho lilikuwepo, bendera ilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Kisima chao kilikuwa na chumvi kiasi kwamba mke angepika mchicha bila kutia chumvi, na mume bado angelalamika kuwa imezidi.

Serikali ilitaka kuwajengea tanki juu ya kilima cha kijiji, tanki kubwa la kusimama kwa miguu minne ya zege. Lakini kilima chote kilikuwa mwamba wa matumbawe ya kale, na matumbawe yana tabia ya kuwa magumu juu na matupu ndani, kama baadhi ya wasemaji ninaowafahamu. Mwamba ukiweza kubeba, tanki litajengwa na kijiji kitabaki. Ukishindwa, hakuna tanki, na kijiji kisicho na maji kitahamishwa tena, kiende bara kuunganishwa na kingine. Hayo yalisemwa mkutanoni, mbele ya kila mtu.

Mimi nilipewa nafasi ya kulala kwa mama mmoja mjane, mtu mzima mwenye mwili mwembamba na ulimi mnene. Siku ya kwanza, kabla sijashusha hata mkoba, nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunahama, hatuhami?"

"Sijui, mama. Ndiyo kwanza tumefika."

"Haya. Maji ya kuoga yako uani. Ukitoka mweupe usishtuke, ni chumvi."

Swali lile aliniuliza kila asubuhi, kama wengine wanavyouliza umeamkaje. Aliacha mikorosho iliyozaa kule alikotolewa, akaacha na kaburi la mumewe. Kuhama mara moja, alisema, alivumilia kwa sababu aliambiwa ni kwa faida ya wote. Mara ya pili asingejua amwambie nini marehemu.

Sasa kazi yenyewe. Kulipima jiwe ni kulibebesha mzigo na kuangalia litanywea kiasi gani. Unasafisha mwamba, unalaza sahani nene ya chuma, na juu ya sahani unaweka mzigo. Pembeni unasimamisha chuma kirefu kisichogusa mzigo, na kwenye chuma hicho unafunga kipimo chenye uso wa mviringo na mshale. Sisi tulikiita saa. Kidole cha saa kinagusa sahani. Sahani ikizama kwa unene wa karatasi, mshale unakwenda kulia. Ikipanda, unarudi kushoto. Basi. Mhandisi alinieleza kwa dakika chache, nikaelewa kila kitu, na huko kuelewa kulidumu mpaka saa nne asubuhi.

Kwa desturi mzigo hutolewa na jeki kubwa. Jeki yetu ilikuwa imepasuka mpira, na mpira mwingine ulitakiwa utoke Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya huko, na kusubiri kitu kutoka Dar wakati wa mvua ni sawa na kusubiri mtoto wa binti ambaye hajaposwa. Mhandisi akatazama ghala la korosho. Akamtazama mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akaelewa, akacheka.

"Ndugu mhandisi, unataka kulilisha jiwe korosho?"

"Nataka kuziazima tu, ndugu mwenyekiti. Kila gunia limepimwa mizani, uzito wake unajulikana. Tutazirudisha kama zilivyo."

"Jiwe lisije likazionja likakataa kuzirudisha."

Basi tukajenga kichanja cha mbao nene juu ya sahani, magunia ya korosho yapangwe juu yake. Ili kichanja kisije kikapinduka na kutuzika sote ndani ya korosho, mhandisi alisimamisha magogo manne ya mikoko kwenye pembe, lakini akayakata mafupi kidogo, yasiguse kichanja. Ulibaki upenyo wa kupitisha vidole. Kichanja kikiinama ghafla, magogo yangekidaka; kisipoinama, magogo yasihusike. Wanakijiji waliutazama ule upenyo wakatazamana. Sikulitilia maanani.

Siku ya kwanza hatukuweka hata gunia moja. Mhandisi alitaka tuone saa inasemaje jiwe likiwa halina kitu. Mimi nikaketi mbele yake na kalamu sikioni, nikiwa na fahari ambayo sijapata kuiona kwa mfalme yeyote. Saa nne asubuhi mshale ukaanza kwenda kulia. Hakuna mzigo, hakuna mtu, na jiwe linazama! Mchana likazama zaidi. Alasiri mshale ukageuka, na jua lilipoinama jiwe likawa limerudi mahali pake, kama mtu aliyetoka matembezini.

"Ndugu mhandisi," nikasema, "jiwe linapumua."

Akaja akatazama, akakuna kichwa. Siku ya pili, yale yale. Mzee aliyekuwa mlinzi wetu akaeleza kwamba ni bahari: maji yakijaa huingia chini ya kilima, yakipwa hutoka, na jiwe hufuata. Nilimwamini sana. Nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba kijiji kizima kinapanda na kushuka juu ya bahari, na usiku nikalala nimeshika kitanda.

Siku ya tatu mhandisi aligusa kile chuma kirefu cha kushikia saa, akaruka. Kilikuwa cha moto kama kikaango.

"Si jiwe," akasema akipuliza vidole. "Ni hiki. Jua linakipinda."

Kumbe kilichokuwa kinapumua ni chuma. Jiwe lilikuwa limetulia tangu enzi za mababu, na sisi ndio tuliokuwa tunapanda na kushuka. Akaagiza kijengwe kibanda cha makuti kuzunguka sahani na saa na magogo, kivuli kamili mpaka chini, ubaki mlango mdogo wangu wa kuingilia. Wanakijiji walikijenga kabla ya adhuhuri. Nami nikaona: sasa nimeelewa kabisa.

Jumamosi tukaanza kupakia. Ilikuwa kazi ya wote, kama kazi zote wakati ule: wanaume wakibeba magunia, wanawake wakiimba na kuwatania wanaume wanaoyumba, mwenyekiti akishangilia kwa filimbi. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda, kwa magoti, nikiona saa tu katika lile giza na kuisoma kwa sauti. Kila safu ya magunia, mshale uliingia kulia kidogo, kidogo. Mhandisi aliridhika. Akasema mzigo uachwe ukae mpaka Jumatatu, tuone jiwe likizoea.

Jumapili alikwenda mjini kusali. Nami nikapanda naye, si kwa ajili ya kusali. Shangazi yangu wa Ufukoni alikuwa na pilau, na mimi nilikuwa nimekula samaki mkavu mpaka nilikuwa naanza kuota mapezi.

Jumatatu asubuhi nikaingia kibandani, nikasoma saa, nikatoka, nikanawa uso, nikaingia tena.

"Ndugu mhandisi. Limepanda."

"Nini?"

"Jiwe. Lina korosho zote zile mgongoni, na limepanda."

Akaingia mwenyewe. Mshale ulikuwa umerudi kushoto kweli. Akaigonga saa kwa penseli. Akaifungua, akafunga nyingine. Mimi niliipuliza, sijui kwa nini, labda kwa vile redio yetu bandarini ilikuwa inapona hivyo. Akasema tuendelee kupakia. Tukapakia. Safu juu ya safu, mpaka kile kichanja kikawa kilima juu ya kilima, na nina hakika meli zilizokuwa zinasubiri korosho bandarini ziliona kivuli chake. Mshale ulitikisika kama kope ya mtu mwenye usingizi, kisha ukatulia. Haukwenda popote.

"Haiwezekani," mhandisi akasema. "Mwamba huu utakuwa mgumu kuliko ile sahani yenyewe."

Nje kukalipuka vigelegele. Wanakijiji walikuwa wanasikiliza kila neno. Mama mwenye nyumba akasogea mpaka mlangoni pa kibanda.

"Baba mhandisi, basi hatuhami?"

Nilimwona mhandisi amekaa juu ya gunia, mikono magotini, anautazama mwamba kama mtu anayemtazama mdeni anayetabasamu sana. Mimi nilikuwa na uzoefu wa wiki nzima na sikuelewa hata chembe. Jiwe lililozama bila mzigo, likapanda chini ya mzigo, sasa linakataa kusogea chini ya mzigo mkubwa zaidi. Masomo ya jioni hayakufika huko.

Akaamuru magunia yashushwe yote. Akanieleza kwamba kila jiwe likiondolewa mzigo hujinyoosha kidogo, hata liwe gumu vipi. Magunia yakashushwa. Mshale haukurudi kushoto. Hapo mhandisi akalala kifudifudi, na shati lake jeupe la ofisini, akatambaa chini ya kichanja mpaka nikabaki naona viatu tu.

Kisha sauti yake ikatoka chini huko, nzito.

"Nani ameweka hizi?"

Wote tulioinama tukaona. Ule upenyo juu ya magogo ya mikoko haukuwepo tena. Juu ya kila gogo palikuwa na vijiwe bapa na kabari za mti, zimegongwa vizuri, zimebana kabisa, kazi ya fundi hasa. Kichanja hakikuwa kinalilalia jiwe tena. Kilikuwa kimebebwa na magogo.

Mwenyekiti alitazama filimbi yake. Hatimaye mama mwenye nyumba akajikohoza.

"Ni sisi, baba."

"Sisi nani?"

"Sisi sote. Jana, baada ya kutoka shambani. Tuliona yale magogo yamesimama tu, hayashiki kitu, na jiwe peke yake linateseka. Tukalisaidia."

"Mama," mhandisi akasema, akitambaa kurudi nyuma, makuti kichwani, "jiwe halitakiwi kusaidiwa."

"Kwa nini lisisaidiwe?"

"Kwa sababu liko kwenye mtihani. Wewe unaweza kumnong'oneza mtoto majibu kwenye mtihani?"

"Kama asipofaulu tunahamishwa, ningemnong'oneza."

Watu wakacheka, na mhandisi naye tabasamu likamponyoka kidogo. Mwenyekiti akapata nguvu.

"Ndugu mhandisi, usitulaumu sana. Kila mkutano tunaambiwa hapa kwetu hakuna wa kubeba peke yake. Mzigo wa mmoja ni wa wote. Sasa watu wakaona magogo manne mavivu yamesimama kando…"

"Makupe!" mtu akasema nyuma.

"…wakayaingiza kazini."

"Na tanki likija?" mhandisi akauliza. "Nani atalisaidia jiwe?"

"Kabari si tungeziacha palepale," mama akajibu, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgeni njia.

Mhandisi alikaa chini akacheka mpaka akafuta macho. Lakini alipomaliza kucheka alikuwa mtu mwingine. Aliwaeleza taratibu kwamba tanki likisimama juu ya mwamba usiojulikana, mguu mmoja ukazama na mitatu isizame, litaanguka, na litaangukia nyumba zilizo chini yake. Akaonyesha kwa kidole mstari wa nyumba. Nyumba ya kwanza mstarini ilikuwa ya mama. Kisha akaingia chini ya kichanja yeye mwenyewe, akang'oa kabari moja baada ya nyingine, akatutupia nje.

Tukapakia upya. Safari hii hapakuwa na wimbo. Mshale ukaenda kulia, kidogo, kidogo, nami nikausoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Magunia yalipokaribia kufika pale mhandisi alipotaka, jiwe likasema *ko*. Sauti ndogo tu, ya chini sana, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Mshale ukaruka. Kila mtu kilimani alisikia, na hakuna aliyeuliza ni nini.

"Shusheni," mhandisi akasema.

Chini ya mwamba palikuwa na tundu, au ufa, au zote mbili, alinieleza nikaitikia. Siku zilizofuata alizunguka kilima kizima na nyundo, akigonga na kuinamisha sikio, akapima tena upande wa pili, akaandika, akaondoka kwenda mjini kuonana na wakubwa. Mimi nikaachwa kuangalia vifaa. Mama hakuniuliza lile swali tena asubuhi. Aliitikia salamu, akanisogezea uji, akaenda kukaa kizingitini akitazama barabara. Hilo lilinikosesha raha kuliko swali lenyewe. Nilijaribu kumchekesha, nikamwambia samaki wa kwao wana miiba kiasi cha kujengea daraja la Ruvuma. Akasema, "Ee."

Mhandisi alirudi baada ya siku nyingi, Landirova imejaa matope mpaka kwenye vioo. Hakuanzia ofisini kwa mwenyekiti. Alikuja moja kwa moja kwa mama, akavua kofia.

"Mama, jiwe lenu linazama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unene wa ukucha."

"Ukucha wa nani?"

Akatazama vidole vyake. "Wangu, tuseme."

"Baba, nyumba hii imezama zaidi ya hapo tangu niingie, na ninalala."

"Nyumba haina miguu minne mirefu, mama. Tanki la miguu minne halitajengwa hapa. Nimewaambia wakubwa, nao wamekubali."

Watu walikuwa wameanza kujaa uani. Mama alishika mlimao wake wa uani… nasema mlimao, ulikuwa mche tu wa kimo cha goti… akaushika kama nguzo.

"Lakini," mhandisi akaendelea, na hapo nikamtamani aseme haraka, "upande wa pili wa kilima mwamba ni mzima. Tutajenga tanki la kukaa chini, lisilo na miguu, pana, mzigo wake utawanyike. Litakuwa dogo kuliko lile. Maji yatashuka yenyewe."

"Kwa hiyo," mwenyekiti akauliza, "jiwe limefaulu au limefeli?"

"Limefeli kusimamiwa. Limefaulu kukaliwa. Na kwa masharti."

Tulitazamana. Nakwambia, nilikuwa na cheti, nilisoma saa ile mwenyewe kwa macho yangu, na sikuweza kusema kama tumeshinda au tumeshindwa. Mzee mlinzi akaanza tena habari za bahari kujaa na kupwa. Kila mtu akawa na maelezo yake, na yote yalikuwa marefu.

Mama akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Baba, mimi sikusoma. Usinipe masharti. Tunahama, hatuhami?"

"Hamhami, mama."

Hakupiga kigelegele. Alitazama kona ya uani penye uzio wa makuti uliokuwa badala ya choo, ambao sote tuliutumia na kuulaani. Akaingia ndani, akatoka na sururu, akanikabidhi mimi, mbele ya mhandisi wangu na kijiji kizima.

"Haya, mwanangu wa desimali. Mtu anayehama hachimbi choo. Mimi sihami. Nichimbie choo, kirefu, cha kukaa miaka."

Nilichimba mpaka magharibi. Mwamba wa uani ulikuwa uleule wa kilimani, ule uliopiga magoti kwa magunia ya korosho, na chini ya sururu yangu, naapa, haukuzama hata unene wa ukucha.